Haba na Haba Hujaza Kibaba: Mpira wa Kichwa na Afya ya Ubongo



Katika seminari zetu na katika viwanja vya parokia, jioni ni wakati wa mpira. Mafrateri hucheza kati yao, vijana wa kigango kimoja hucheza na vijana wa kigango kingine, na watoto wa Utoto Mtakatifu hukimbizana pembeni wakisubiri uwanja uwe wazi. Ni jambo jema. Mpira hujenga mwili, huondoa uchovu wa masomo na kazi, na huwaleta pamoja watu ambao pengine wasingeongea.

Ndani ya mchezo huu kuna kitendo kimoja ambacho wengi tunakifanya bila kukifikiria: kupiga mpira kwa kichwa. Ni vigumu kupata mchezo mwingine unaopendwa duniani kote ambapo mchezaji, bila kofia wala kinga yoyote, hutumia kichwa chake kwa makusudi kukipiga kitu kinachomjia kwa kasi. Kwa miaka zaidi ya 20 sasa madaktari na watafiti wamekuwa wakiuliza swali moja: je, kitendo hicho kinaudhuru ubongo? Katika makala hii nitaeleza kile kilichogunduliwa, jinsi kilivyogunduliwa, na kile ambacho sisi tunaocheza na tunaofundisha watoto kucheza tunaweza kukifanya.

Tangu mwanzo niseme wazi kwamba sina nia ya kumtisha mtu yeyote wala kumwondoa mtu uwanjani.

Habari ya Jeff Astle

Jeff Astle alizaliwa Uingereza mwaka 1942, akawa mshambuliaji wa klabu ya West Bromwich Albion. Mashabiki walimwita Mfalme. Mwaka 1968 ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA dhidi ya Everton, na mwaka 1970 alikwenda Mexico na timu ya taifa ya England kwenye Kombe la Dunia. Sifa yake kubwa ilikuwa vichwa. Krosi ikipigwa, yeye ndiye aliyeruka juu kuliko mabeki. Ili kuwa hodari hivyo ilimbidi apige vichwa siku baada ya siku mazoezini, si siku ya mechi tu.

Alifariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 59 tu, baada ya kuugua kwa miaka kadhaa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa ushuhuda wa familia yake, mwishoni hakukumbuka hata kwamba aliwahi kuwa mchezaji. Mwezi Novemba mwaka huohuo, afisa wa sheria anayechunguza vifo alitoa uamuzi ulioshangaza wengi: Astle alikufa kwa ugonjwa uliotokana na kazi, kama vile mchimba madini anavyoweza kufa kwa vumbi la mgodini. Kazi yake ilikuwa mpira, na ubongo wake ulikuwa umeharibiwa na kuupiga mpira kwa kichwa mara nyingi mno.

Mwaka 2014 daktari Willie Stewart wa Glasgow, bingwa wa kuchunguza ubongo wa marehemu, aliuchunguza upya ubongo wa Astle. Akakuta dalili za ugonjwa ambao kwa kifupi huitwa CTE. Huo ni ugonjwa unaouharibu ubongo polepole baada ya kichwa kugongwa mara nyingi kwa muda mrefu.

Ugonjwa huu haukuanzia kwenye soka. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba, wakiongea kwa shida na kuchanganyikiwa hata baada ya kuacha ndondi. Kwa miaka mingi watu walidhani ni tatizo la mabondia peke yao. Kisha mwaka 2002, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, ambaye ni Mkatoliki mwenzetu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50. Akaona uharibifu wa aina hiyohiyo. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005 alipingwa vikali na wakubwa wa mchezo huo, lakini tafiti zilizofuata zilimpa haki. Leo CTE imekwisha kuonekana kwa wanasoka pia, akiwemo Bellini, nahodha wa Brazil iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1958.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Ili kuelewa jambo hili, tuangalie ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu. Si mgumu kama msuli. Ni laini kama uji mzito ulioganda. Umekaa ndani ya fuvu, umezungukwa na majimaji yanayoulinda usijigonge kwenye mfupa. Ndani yake kuna seli za neva zisizohesabika, zinazounganishwa na nyuzi nyembamba sana ambazo kupitia hizo seli hupelekeana habari.

Mpira ukigonga paji la uso, fuvu husimama au hubadili mwelekeo ghafla. Ubongo ulio ndani huchelewa kidogo, kisha hufuata. Chukua ndoo ya maji, itembeze, halafu isimamishe ghafla: ndoo imesimama, lakini maji bado yanaendelea kwenda. Kwa namna hiyo ubongo huvutika na kujikunja ndani ya fuvu. Hatari huongezeka zaidi kichwa kinapozungushwa, kwa mfano mpira unapogonga upande wa kichwa, kwa kuwa mzunguko huzivuta na kuzisokota zile nyuzi nyembamba.

Kichwa kimoja cha kawaida hakimwangushi mtu. Hupati maumivu, unaendelea na mchezo. Lakini kutosikia maumivu si uthibitisho kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti waliwachukua wachezaji 19, wakawapa mipira 20 kila mmoja aipige kwa kichwa, mipira iliyorushwa na mashine kwa kasi kama ya kona. Walipopimwa mara baada ya zoezi, uwezo wao katika majaribio ya kumbukumbu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 41 hadi 67. Ndani ya saa 24 hali ilirudi kuwa ya kawaida.

Zoezi hilo lilikuwa la vichwa 20 tu. Kocha yeyote anayefundisha kona na krosi anajua kwamba kikao kimoja cha mazoezi kinaweza kufikia idadi hiyo kirahisi. Habari njema ni kwamba ubongo ulijirudi. Swali linalobaki ni hili: inakuwaje ubongo ukitikiswa hivyo wiki baada ya wiki, kwa miaka 10 au 15? Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutumika kusifu akiba, lakini madhara nayo hujilimbikiza kwa njia hiyohiyo.

Katika ugonjwa wa CTE kinacholimbikizwa ni protini iitwayo tau. Katika ubongo mzima, protini hii husaidia kuimarisha zile nyuzi, kama nguzo zinavyoshikilia uzio. Nyuzi zikiumizwa mara kwa mara, tau huachia mahali pake, hujikunja na kurundikana ndani ya seli, na seli hizo hufa taratibu. Mchakato huo unaweza kuendelea miaka mingi baada ya mchezaji kutundika viatu. Ndiyo maana mtu anaweza kustaafu mpira akiwa na miaka 35 mwenye afya tele, na dalili zikaanza kujitokeza akiwa na miaka 55: kusahau, hasira zisizoeleweka, huzuni, kushindwa kupanga mambo. Mpaka sasa CTE huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo.

Takwimu zinasemaje

Habari ya mtu mmoja, hata iwe ya kusikitisha kiasi gani, haitoshi kuthibitisha kanuni. Watu wengi ambao hawajawahi kugusa mpira nao huugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo ilihitajika kulinganisha makundi makubwa.

Kazi hiyo ilifanywa na Willie Stewart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, na matokeo yakachapishwa Oktoba 2019. Walichukua kumbukumbu za wanaume 7,676 waliowahi kucheza soka la kulipwa Uskoti, wakawalinganisha na watu wa kawaida 23,028 wenye umri na hali ya maisha inayofanana nao. Walikuta kwamba wachezaji wa zamani walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa yanayouharibu ubongo polepole. Kwa ugonjwa wa Alzheimer ulikuwa kama mara tano, kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli kama mara nne, na kwa ugonjwa wa Parkinson mara mbili.

Hapa tusome kwa makini. "Mara tatu na nusu" inatisha mpaka uulize: mara tatu na nusu ya nini? Katika kipindi cha utafiti, waliofariki huku magonjwa hayo yakiwa chanzo kikuu cha kifo walikuwa asilimia 1.7 ya wachezaji, na asilimia 0.5 ya watu wa kawaida. Maana yake, katika kila watu 1,000, ni 17 dhidi ya 5. Tofauti hiyo ni kubwa na ni ya kweli, lakini haimaanishi kwamba kila mchezaji ataugua.

Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba wachezaji walikuwa na vifo vichache zaidi vya magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu, na hadi kufikia umri wa miaka 70 walikufa kwa uchache kuliko watu wa kawaida. Mpira, basi, unaulinda moyo wa mchezaji.

Utafiti mwingine ulichapishwa Machi 2023 kutoka Uswidi. Ulihusu wanaume 6,007 waliocheza ligi kuu ya nchi hiyo kati ya mwaka 1924 na 2019, wakilinganishwa na watu 56,168. Karibu wachezaji 9 katika 100 walipatikana na ugonjwa wa kuharibika ubongo, dhidi ya 6 katika 100 kwa watu wengine. Yaani hatari ya mara moja na nusu. Ni ndogo kuliko ile ya Uskoti, lakini inaelekea upande uleule.

Je, chanzo ni kichwa kweli?

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba jambo moja kufuatana na jingine si uthibitisho kwamba la kwanza limesababisha la pili. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini si jogoo anayelichomoza. Vivyo hivyo mtu anaweza kuuliza: labda wachezaji hawa waliugua kwa sababu ya pombe, au ya dawa za maumivu, au ya namna walivyoishi baada ya kustaafu?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake bora linatoka golini. Kipa huishi maisha yaleyale ya mchezaji: hulala kambini na wenzake, hula chakula kilekile, hulipwa na klabu ileile. Kinachomtofautisha ni kwamba yeye hutumia mikono. Kama chanzo kingekuwa maisha ya mchezaji kwa ujumla, kipa angeugua sawa na wengine. Kundi la Glasgow lilipogawanya takwimu kwa nafasi za uwanjani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, hatari ya makipa haikutofautiana kwa uhakika na ya watu wa kawaida, wakati ya mabeki ilikuwa karibu mara tano. Beki ndiye anayesafisha mipira ya juu mechi nzima. Aidha, waliocheza zaidi ya miaka 15 walikuwa na hatari kubwa kuliko waliocheza muda mfupi. Uswidi nako makipa hawakuonyesha ongezeko la hatari.

Wengine husema tatizo lilikuwa mipira ya zamani ya ngozi iliyofyonza maji mvua ikinyesha. Ni kweli kwamba mpira ule ukilowa ulikuwa mzito. Lakini ukiwa mkavu uzito wake ulikuwa karibu sawa na wa leo, na sheria ya sasa inataka mpira namba tano uwe na gramu 410 hadi 450. Mpira wa leo haunywi maji kama ule, lakini huruka kwa kasi kubwa zaidi, na kasi ina uzito mkubwa katika nguvu ya kugonga. Tena, watafiti wa Glasgow walipolinganisha wachezaji kwa miaka waliyozaliwa, hawakuona hatari ikipungua kwa wale waliozaliwa baadaye.

Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: uthibitisho wa mwisho kabisa haujapatikana, kwa sababu ungehitaji kuwafuatilia watoto wa leo mpaka uzee wao. Lakini dalili zote zinaelekeza kidole mahali pamoja, na kidole hicho hakitikisiki.

Kugongwa mara moja kwa nguvu

Mpaka hapa tumezungumzia vichwa vidogo vidogo vinavyojilimbikiza. Kuna hatari ya pili, iliyo karibu zaidi na viwanja vyetu: mtikisiko wa ubongo unaotokana na kugongwa mara moja kwa nguvu. Mara nyingi hausababishwi na mpira wenyewe. Husababishwa na wachezaji wawili walioruka kuugombea, kichwa kikakutana na kichwa, au kiwiko kikatua kwenye kipaji.

Katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani na bega la mpinzani. Aliinuka akaendelea kucheza kama dakika 14. Kisha akamfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama mechi ile ilikuwa ni fainali. Mwamuzi alidhani anatania. Ndipo akatolewa. Mtu huyu hakuzimia uwanjani kwa muda mrefu, hakutoka damu, alikimbia na kupasia kama wengine, mbele ya mamilioni ya watazamaji na madaktari wa timu. Hata hivyo ubongo wake haukujua uko wapi.

Tujifunze hapa kwamba mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauambatani na kuzimia. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga, kujibu polepole, kusahau matokeo au nafasi anayocheza, kurudia swali lilelile, hasira au kilio kisicho na sababu. Hata dalili moja inatosha kumtoa mchezaji.

Anayerudishwa uwanjani ubongo ukiwa bado haujapona yuko katika hatari kubwa zaidi. Pigo la pili, hata liwe dogo, linaweza kuufanya ubongo uvimbe. Jambo hilo ni nadra, lakini limekwisha kuua vijana. Kumwambia kijana aliyegongwa "jikaze, wewe ni mwanaume" si kumjenga.

Wenzetu wamefanya nini

Mwaka 2015 Shirikisho la Soka la Marekani lilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 na chini, na likaweka kikomo mazoezini kwa wenye miaka 11 hadi 13. Februari 2020, vyama vya soka vya England, Uskoti na Ireland ya Kaskazini viliondoa mazoezi ya vichwa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Mwaka 2021 England iliwashauri hata wachezaji wa kulipwa wasizidishe vichwa 10 vya nguvu kwa wiki mazoezini. Mwaka uliofuata Uskoti iliwataka wachezaji wa kulipwa wasifanye mazoezi ya vichwa siku moja kabla na siku moja baada ya mechi. Mwaka 2024, IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliingiza katika sheria ruhusa ya kubadilisha mchezaji wa ziada pale anaposhukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo, ili timu isione hasara kumtoa.

Utaona kwamba hatua nyingi zinalenga mazoezi. Katika mechi beki hupiga vichwa vichache. Mazoezini ndiko vinakohesabiwa kwa makumi. Kwa sababu hiyo tunaweza kupunguza sehemu kubwa ya hatari bila kubadili hata kipengele kimoja cha mchezo siku ya mechi.

Watoto wanatajwa kwanza kwa sababu zilizo wazi. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, shingo yake bado dhaifu, na ubongo wake bado unajengeka. Wasichana pia wanahitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa katika soka hupata mtikisiko wa ubongo kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana; masista na walimu wanaosimamia timu za wasichana wazingatie hilo.

Busara si woga

Mtu anaweza kusema: "Sisi si wachezaji wa kulipwa. Tunacheza mara mbili kwa wiki. Haya yanatuhusu nini?" Ni hoja nzuri. Takwimu nilizozitaja ni za watu waliopiga vichwa kwa miaka mingi kama kazi, na si haki kuzichukua zilivyo na kumbandika frateri anayecheza Jumatano na Jumamosi. Anayecheza kwa kiasi asikose usingizi.

Lakini tujiulize tunapoteza nini tukichukua tahadhari. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mchezo ni pumziko la roho na kwamba kuna fadhila katika kucheza, mradi kuwe na kiasi. Alifundisha pia kwamba busara ni fadhila ya kuamua vema katika mambo ya kutenda, na mambo ya kutenda mara chache huja na uhakika kamili. Mkulima hasubiri uhakika wa mvua ndipo aandae shamba. Akiona dalili, anaandaa. Katekisimu nayo, katika namba 2288 na 2289, inatukumbusha mambo mawili kwa pamoja: uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, zinazopaswa kutunzwa kwa kiasi, na mwili usigeuzwe kuwa sanamu ya kuabudiwa, kila kitu kikatolewa kafara kwa ajili yake au kwa ajili ya ushindi wa michezo.

Kwa maana hiyo, swali la kimaadili linatofautiana kwa mtu mzima na kwa mtoto. Mtu mzima aliyeelezwa hatari anaweza kuipima na kuamua. Mtoto wa miaka 9 hapimi. Anafanya anachoambiwa na frateri au katekista aliyeshika filimbi. Anatuamini. Tukimpangia mstari wa kupiga vichwa 30, uamuzi ni wetu, na ubongo ni wake kwa miaka 60 ijayo.

Mambo ya kufanya kiwanjani kwetu

Kwanza, watoto wa shule ya msingi wasifundishwe wala kufanyishwa mazoezi ya vichwa. Muda huo wafundishwe kutuliza mpira, kupiga pasi na kukokota. Watatoka wakiwa wachezaji bora zaidi.

Pili, kwa vijana na wakubwa, mazoezi ya vichwa yawe machache na yahesabiwe. Ufundi unaweza kufundishwa kwa mpira laini au unaorushwa kwa mkono kutoka karibu: kutumia paji la uso na si utosi, kukaza shingo, kuuangalia mpira mpaka mwisho. Mazoezi ya kuimarisha shingo nayo husaidia. Kona na mipira mirefu ya kasi isirudiwe rudiwe.

Tatu, tuangalie mpira wenyewe. Watoto wachezee namba tatu au namba nne kulingana na umri, si namba tano. Mpira usijazwe upepo ukawa kama jiwe, na uliolowa maji ukawa mzito uwekwe kando.

Nne, anayegongwa kichwani na kuonyesha dalili atoke, na asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Asiachwe peke yake saa za mwanzo. Asiendeshe pikipiki wala gari, asinywe pombe. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akiumwa kichwa kinachozidi, akizidi kusinzia, akiona vitu viwili viwili au mikono na miguu ikifa ganzi, apelekwe hospitali haraka. Akilalamika maumivu ya shingo asiinuliwe kiholela. Atulizwe palepale mpaka msaada ufike.

Tano, kurudi kuwe kwa hatua: siku moja au mbili za mapumziko, kisha kutembea, kisha mazoezi mepesi bila kugusana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka mchezaji asirudi mashindanoni kabla ya siku ya 21. Masomo nayo yarudi taratibu. Mwanafunzi aliyegongwa kichwa Jumamosi asidaiwe mtihani Jumatatu kama vile hakuna kilichotokea.

Sita, kila mechi ya parokia au ya seminari iwe na mtu mmoja, asiye kocha, mwenye mamlaka ya kusema "huyu anatoka" bila kubishiwa. Kocha anataka kushinda, mchezaji anataka kucheza; anahitajika mmoja asiyetafuta ushindi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha. Yanahitaji tu viongozi wa michezo wakubaliane kabla ya msimu kuanza, na waamuzi na wazazi waelezwe. Kila aliye na timu ya watoto chini ya uangalizi wake aanze na lile la kwanza wiki hii. Jioni ikifika, mpira uchezwe.